Kazi ya Walimu wa Kanisa katika Pwani ya Ziwa Nyasa

Habari ya leo ni habari ya watu ambao majina yao hayakuandikwa sana, walakini kazi yao yaonekana hata leo. Msafiri atokaye Mbinga akishuka milima ya Umatengo kwenda Mbamba Bay, huliona Ziwa Nyasa limetandazwa chini yake. Akiifuata pwani kwenda kaskazini mpaka Liuli, hukuta vijiji vya wavuvi na mashamba ya mihogo, na katika vijiji vingi hukuta kanisa. Ukiuliza ni nani aliyeileta dini hii, utajibiwa, “Ni Askofu fulani,” au “Ni Archdeacon Johnson.” Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo tutakayoitazama leo: kazi ya walimu wa dini, watu wasio na daraja takatifu, waliokaa vijijini wakati padre alipokuwa safarini.

Yafaa kwanza tueleze maneno. Katika Kanisa la Kianglikana ziko daraja tatu: Askofu, Padre na Shemasi. Mtu huingia katika daraja hizo kwa kuwekewa mikono na Askofu. Wakristo wengine wote, wake kwa waume, wasomi na wasiosoma, ni watu wasio na daraja, ambao siku hizi huitwa walei. Lakini miongoni mwa walei wako waliopewa kazi maalumu. Yuko mwalimu wa dini, aitwaye pia katekista, awafundishaye wanaotaka kubatizwa. Yuko msomaji, mwenye ruhusa ya Askofu ya kuongoza sala na kusoma Maandiko mbele ya watu. Wako wazee wa kanisa, watunzao mali na amani ya kanisa. Wako na wasimamizi, wamdhaminio mtu siku ya ubatizo wake.

Mlei aweza kuongoza Sala ya Asubuhi na ya Jioni, kufundisha, na kuhubiri akipewa ruhusa. Aweza pia kuwazika wafu pasipo na padre. Tena mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo ye yote aweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno yaliyoamriwa, na ubatizo huo ni halali. Lakini hawezi kuweka wakfu mkate na divai, wala kutangaza maondoleo ya dhambi, wala kuwabariki watu kama abarikivyo padre. Mpaka huo uliwekwa tangu zamani, na watu wa pwani ya Nyasa waliujua vizuri.

Wala msidhani kwamba desturi hii ilibuniwa Afrika kwa sababu ya uchache wa mapadre. Huko Uingereza, katika karne ya 16, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, makanisa mengi yalikosa mapadre. Maaskofu wakaweka wasomaji, watu wa kawaida walioweza kusoma sala ili kanisa lisifungwe. Baadaye kazi hiyo ilififia, hata mwaka 1866 maaskofu wa Uingereza wakaifufua. Kwa hiyo walimu walipoanza kazi katika ziwa letu, kazi ya msomaji ilikuwa ya kale, nayo ilikuwa imefufuliwa karibuni tu.

Sasa tuingie katika habari ya ziwa lenyewe. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi U.M.C.A., ilianzishwa baada ya Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Safari yake ya kwanza, mwaka 1861, ilikwenda Magomero, kusini ya Ziwa Nyasa, ikaharibika kwa vita na homa. Askofu Mackenzie alikufa mwaka 1862. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia misheni Unguja, na hapo wakakusanywa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Katika chuo cha Kiungani vijana wengi miongoni mwao walifundishwa kusoma, kuandika na dini, nao walikuwa wametoka makabila mengi ya bara, pamoja na makabila ya huku Nyasa. Basi wale waliochukuliwa utumwani kwa njia ya pwani ndio waliotumwa kuirudia bara kwa njia ile ile, wakiwa walimu.

William Percival Johnson alifika Unguja mwaka 1876, akiwa kijana. Baada ya miaka michache alifika ziwani, na mwenzake Charles Janson alikufa pale pwani mwaka 1882. Kwa ukumbusho wa marehemu huyo merikebu ndogo ya moshi ikaitwa “Charles Janson”, ikaanza kazi ziwani mwaka 1885. Ililetwa vipande vipande, na mmoja wa walioisafirisha alikuwa William Bellingham, fundi asiye na daraja yo yote. Mwaka ule ule misheni ilifanya makao yake makuu katika kisiwa cha Likoma.

Kwa nini walichagua kisiwa? Kwa sababu pwani ilikuwa na hofu. Wangoni, ambao watu wa ziwani waliwaita Wamagwangwara, walikuwa wakishuka kutoka milimani kuteka nyara. Watu walijibana katika vijiji vyenye maboma, na wengine walijenga juu ya nguzo majini. Mwaka 1895 Padre George Atlay aliuawa na kikosi cha Wamagwangwara. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Askofu Chauncy Maples alizama ziwani kwa dhoruba, na pamoja naye akazama Joseph Williams, ambaye hakuwa padre bali mlei. Habari hii yatuonyesha jambo moja: ziwa na vita havikuuliza daraja ya mtu.

Basi fikirini hesabu hii. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Vijiji ni vingi, na mapadre ni wachache sana, tena hushikwa na homa mara kwa mara. Merikebu huja, hutia nanga, padre hushuka. Huwasikiliza watu, huwatahini wanafunzi, huadhimisha Ushirika Mtakatifu, kisha hupanda tena na kwenda kijiji kingine. Zikivuma pepo kali za kusini, merikebu hukawia. Je, katika siku zote za katikati, kanisa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika nyumba ya mwalimu. Kwa maneno mafupi, padre alipita, mwalimu alikaa.

Na tuitazame kazi yake kwa siku moja. Asubuhi hupiga kengele, au ngoma, au kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Watu wachache huja kwa sala kabla ya kwenda shamba au kutazama nyavu. Jua likipanda, huwakusanya watoto chini ya paa la nyasi, naye huwafundisha herufi, hesabu na kusoma. Mchana huwafundisha watu wazima. Wako wale waitwao wasikilizaji, waliokuja kusikia tu. Wako na wakatekumeni, waliokwisha kupokewa mbele ya kanisa na kupewa alama ya msalaba. Mtu hakubatizwa kwa haraka. Alikaa katika mafundisho miaka miwili au zaidi. Mwalimu ndiye aliyejua kama fulani amejifunza kweli, kama amelipa deni lake, kama anaishi kwa amani na mkewe. Padre alipofika, alimwuliza mwalimu kwanza. Jioni husoma tena sala, kisha huenda kumtazama mgonjwa, au kuamua ugomvi wa nyavu kati ya ndugu wawili. Mtu akifa usiku, mwalimu huamshwa.

Mtu huyu hakuwa malaika. Walimu wengine walijua kusoma kidogo tu kuliko wanafunzi wao, wakafundisha kwa kukariri maneno ambayo wenyewe hawakuyaelewa. Wengine walijiona wakubwa kuliko wazee wa kijiji, na kwa sababu hiyo ugomvi ukazuka. Wengine walianguka katika makosa, wakaondolewa. Lakini haifai kuwapima kwa hao walioshindwa peke yao. Walio wengi walikaa mbali na jamaa zao, kwa mshahara mdogo sana. Wakalima mihogo yao wenyewe na kuvua usipa kama jirani zao, na mwanga wa kusoma ukaenea.

Elimu yao waliipata wapi? Wale wa kwanza waliipata Kiungani. Mmoja wao ni Augustine Ambali, aliyekuwa mtumwa akakombolewa, akaja ziwani kuwa mwalimu, na baadaye akapewa daraja ya upadre. Yeye aliandika habari za miaka yake 30 katika nchi ya Nyasa, na kitabu chake ni mojawapo ya vichache vituonyeshavyo kazi hii kwa macho ya Mwafrika mwenyewe. Baadaye dayosisi ilikuwa na chuo chake cha walimu, cha Mtakatifu Mikaeli. Hata merikebu kubwa “Chauncy Maples”, iliyoshushwa majini mwaka 1901, nia yake ya kwanza ilikuwa kuwa chuo cha walimu juu ya maji, pamoja na kuwa kanisa na hospitali. Angalieni jambo hili. Watu walichanga fedha, wakaleta chuma kwa maelfu ya vipande kutoka Scotland, na kusudi lao mojawapo lilikuwa kumfundisha mwalimu wa kijijini. Walijua kazi yote yamtegemea yeye.

Johnson mwenyewe, ambaye macho yake yaliharibika mapema, alitafsiri Maandiko kwa Kinyanja, na sehemu yake kwa Kimpoto, lugha ya watu wa pwani yetu. Yafaa tukumbuke kwamba tafsiri haifanywi na mgeni peke yake. Mgeni hujua anachotaka kusema, lakini mwenyeji ndiye ajuaye kama neno lafaa au lachekesha. Nayo tafsiri ikiisha kuchapwa haina sauti mpaka mtu aisome. Sauti hiyo ilikuwa ya mwalimu.

Wala kazi hii haikuwa ya wanaume peke yao. Wake za walimu walifundisha wasichana, wakawatayarisha wanawake kwa ubatizo na kipaimara, wakawatazama wazazi na wagonjwa. Umoja wa Akina Mama, ulioanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, ulipoenea Afrika uliwapa wanawake mahali pa kukutana na kusaidiana. Katika vijiji vingi wanawake ndio wengi kanisani, nao ndio wafagiao, waimbao na wachangao. Historia ikiwasahau, itakuwa imesahau nusu ya watenda kazi.

Sasa tuje katika majaribu. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi waligawana nchi, na mwaka 1891 Waingereza na Wareno wakafanya vivyo hivyo. Pwani ya mashariki ikakatwa vipande viwili: upande wa Mbamba Bay, Liuli na Manda ukawa wa Wadachi, na upande wa kusini ukawa wa Wareno. Likoma, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Wareno, kikawa cha Waingereza. Kanisa moja likawa chini ya bendera tatu. Mwalimu wa Mbamba Bay alimtii Askofu aliyekaa chini ya Waingereza, na hapo hapo alitii serikali ya Wadachi.

Vita ilipoanza mwaka 1914, hali hiyo ikawa ya hatari. Tarehe 13 Agosti mwaka huo merikebu ya Waingereza, “Gwendolen”, iliipiga merikebu ya Wadachi “Hermann von Wissmann” pale Liuli, mahali ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa lililoko hapo. Njia ya Likoma ikafungwa. Katika nchi yote ya Wadachi, wamisionari Waingereza walikamatwa, na wengi wakawekwa Tabora. Pamoja nao mapadre na walimu Waafrika wa misheni hiyo wengi walitiwa kifungoni, wakashukiwa kuwa wapelelezi kwa sababu tu waalimu wao walikuwa Waingereza. Waliteswa kuliko Wazungu wenzao. Hawakufunguliwa mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka 1916. Na mahali mapadre walipoondolewa, sala haikukoma, maana mtu aliyeweza kusoma aliendelea kusoma. Vita ilikuwa mtihani, na kwa mtihani huo ilijulikana kwamba kanisa lilikuwa limekwisha kuwa la wenyeji.

Haya hayakutokea kwetu peke yetu. Huko Uganda Askofu Tucker aliwaweka Waganda 6 kuwa walimu wa Injili wenye ruhusa, mwezi wa Januari mwaka 1891. Mmoja wao alikuwa Henry Wright Duta. Mganda mwingine, Apolo Kivebulaya, alitumwa Toro mwaka 1895, na mwaka 1896 akavuka mpaka Mboga katika Kongo, akiwa bado katekista. Upadre aliupata mwaka 1903. Basi kanisa la Mboga lilianzishwa na mlei aliyetembea kwa miguu.

Labda msikilizaji atauliza, “Kama walimu hawa walikuwa hodari hivi, mbona hawakupewa daraja upesi?” Swali hili ni la haki. Padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hii, Cecil Majaliwa, alipata upadre mwaka 1890. Katika ziwa letu Leonard Kamungu, kijana wa pwani ya mashariki, alikuwa mwalimu, akawa shemasi mwaka 1902 na padre mwaka 1909. Mwaka 1911 alikwenda Msoro, katika nchi iitwayo sasa Zambia, akafa huko mwaka 1913. Miaka saba kati ya ushemasi na upadre ni mingi. Wamisionari walisema kwamba hawataki kuharakisha, na kweli daraja si jambo la kuchezea. Lakini wako walimu waliozeeka wakifanya karibu kila kazi ya kanisa, nao hawakuitwa mbele ya Askofu. Kwa wengine kazi ya ualimu ilikuwa mlango. Kwa wengine ilikuwa ukuta. Haya yote mawili ni kweli, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuficha moja.

Jaribu la mwisho lilikuja kwa njia ya shule. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza na misheni walikutana Dar es Salaam kushauriana juu ya elimu, na baadaye sheria ikawekwa. Shule zenye walimu waliofaulu na kupata hati zikapewa msaada wa fedha. Shule ndogo za vijijini, zilizofundisha dini na kusoma kidogo, hazikupewa. Hapo ndipo kazi moja ilipoanza kupasuka vipande viwili. Mwalimu mwenye hati alikaguliwa na serikali, akapata mshahara ulio bora. Katekista asiye na hati alibaki na sala, wagonjwa na mazishi, na mshahara wake ukabaki pale pale.

Mpasuko huo ulikamilika baada ya uhuru. Kwa sheria ya mwaka 1969 shule za misheni zilichukuliwa na serikali, ili watoto wa dini zote wasome bila ubaguzi. Lilikuwa jambo jema kwa taifa. Lakini kwa upande wa kanisa la kijijini, mwalimu aliyekuwa nguzo akawa mtumishi wa serikali, na katekista akaachwa peke yake, mara nyingi bila mshahara wo wote. Kanisa lenyewe nalo lilibadilika: mwaka 1952 pwani yetu iliwekwa katika Dayosisi mpya ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika, na mwaka 1971 Dayosisi ya Ruvuma ikazaliwa. Mwaka 2012 Mbamba Bay ikawa makao ya Wilaya mpya ya Nyasa, iliyotolewa katika Mbinga. Majina ya mipaka yamebadilika mara nyingi. Lakini hata leo padre mmoja hutunza makanisa kadhaa, na Jumapili asipokuwapo, yuko mtu asimamaye kusoma.

Wazee wetu walisema, “Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.” Anayeutazama mzigo wa katekista huuona mwepesi: kitabu cha sala, kengele na kanzu. Asiyebeba hajui uzito wake. Mtu huyo ana shamba, ana watoto wa kusomesha, na watu humwita usiku kama wamwitavyo mganga. Kanisa lililosimama juu ya mabega ya watu wa namna hii kwa zaidi ya miaka 100 lina deni kwao. Deni hilo halilipwi kwa sifa peke yake. Hulipwa kwa mafunzo mema, kwa posho ya haki, na kwa kuitwa katika baraza pale mambo yanapoamuliwa.

Johnson alikufa mwezi wa Oktoba mwaka 1928, akazikwa Liuli, na kaburi lake linajulikana. Makaburi ya walimu waliokuwa wakimngojea pwani, mengi yao hayana jina. Ninyi wanafunzi mnaweza kufanya jambo dogo kwa ajili yao. Waulizeni babu na bibi zenu: Nani alikuwa mwalimu wa kwanza katika kijiji hiki? Alitoka wapi? Mkewe aliitwa nani? Ni nani aliyemfundisha kusoma mtu wa kwanza wa ukoo wetu? Yaandikeni majibu katika daftari, pamoja na jina la aliyewaambia na tarehe. Fanyeni hivyo mapema, maana mzee akiondoka, majina aliyoyajua huondoka pamoja naye.